Mtoto wa Kwa Nani

Tegua hiki, wewe unayesoma, kabla hujajiweka sawa hapo ulipokaa: Nilizaliwa baharini, nikaja kuwa mtu mlimani. Theluji ilinipiga, nikazidi kuwa mtamu. Jina nililotoka nalo nyumbani silo wanaloniita huku. Mimi ni nani?

Usikimbilie. Garam nilimtegea hichohicho ndani ya gari tukipanda kwenda milimani, Daegwallyeong. Jibu akanipa kesho yake, na jibu lake lilikuwa zuri kuliko langu.

Nikwambie kwanza tulikuwa nani garini. Aliyeshika usukani ni mwanangu Cheolgyu, mtu mzima mwenye kipara cha kuanzia. Pembeni yake mkewe, Myeonghwa. Walikuwa wameoana mwaka uliotangulia, wote wawili kwa mara ya pili, na mimi nilifurahi kwa sababu mwanangu alianza tena kupiga mluzi akioga. Nyuma nilikaa mimi na Garam, binti wa Myeonghwa, mtoto wa miaka kumi na mmoja, aliyeingia nyumbani kwetu Suwon na begi la shule, samaki wawili kwenye chupa ya kioo, na jina la baba yake, Pyo. Mwanangu ni Eom, na nyumba yetu hujulikana kwa jina hilo.

Mwaka mzima tulikaa nyumba moja na mtoto yule hakuwahi kuniita chochote. Mwanangu aliitwa Anko. Mimi, akitaka chumvi mezani, alisema, "Samahani, chumvi." Akinikuta mlangoni pa bafu, "Samahani." Basi nikawa Bi Samahani nyumbani kwangu mwenyewe. Sikumkasirikia. Mtu hawezi kulazimishwa kuita.

Safari ile tulikuwa tunakwenda kijijini nilikoishi tangu nilipoolewa mpaka mume wangu alipofariki. Sasa nyumba anaiangalia shemeji yangu, Pansu, pamoja na chanja za samaki. Kila mwaka theluji ikishakaa vizuri tunapanda kumsaidia kidogo na kumla sana, ila kwa Garam hii ilikuwa mara ya kwanza.

Tulipotoka kwenye handaki la mwisho la barabara, dunia ilikuwa nyeupe. Myeonghwa akashusha kioo, baridi ikaingia kama mgeni asiyebisha hodi. Garam naye akashusha chake, akatoa kichwa nje akaziona chanja: magogo yamesimamishwa mlima mzima, ghorofa juu ya ghorofa, na samaki wamening'inizwa wawiliwawili kwa midomo, kila mmoja ana kofia ya theluji.

"Wote hao wamekufa?" akamuuliza mama yake.

"Hapana, wanasubiri basi," akasema Cheolgyu. Garam akajibana asicheke, lakini nilimwona.

Pansu alitupokea uani na koleo la theluji mkononi. Shemeji yangu ni mtu mkavu wa maneno ila hana roho mbaya. Alinishika mikono yote miwili, akampiga Cheolgyu kwenye kipara, akampa Myeonghwa pole ya safari. Kisha akamgeukia mtoto na kumuuliza lile swali ambalo kila mtoto huulizwa kijijini kwetu kabla hajavua viatu.

"Na wewe, mtoto wa kwa nani?"

Garam akaangalia viatu vyake.

"Baba mdogo, huyu ni wetu," Cheolgyu akadakia. "Huyu ni—"

"Mimi ni Pyo," mtoto akaviambia viatu.

Myeonghwa akageukia buti la gari, akaanza kushusha mizigo ambayo haikuwa na haraka. Pansu akajikuna sikio.

"Pyo. Sawa. Lakini sikukuuliza jina, nimeuliza wa kwa nani. Basi, ukipata jibu utaniambia. Swali langu nalianika hapo nje na samaki, kwa baridi hii halitaoza."

Tukaingia. Sakafu ilikuwa na moto wa kutosha chini yake, kama nyumba zetu zinavyopashwa joto, na Pansu alikuwa amechemsha mchuzi mweupe wa samaki na kukaanga chapati za viazi. Wote tulikula isipokuwa Garam, aliyekula nusu chapati kama anayelipia.

Tukiosha vyombo, Myeonghwa akaniinamia.

"Mama, si ungemjibia tu? Ungesema ni mjukuu wako, yakaisha."

"Ningemjibia, lingekuwa jibu langu. Yeye angebaki vilevile bila lake."

Akasugua sufuria ambayo ilikuwa safi. "Juzi ameniuliza kama akimaliza darasa la sita anaweza kwenda kukaa kwa shangazi yake Busan. Dada wa baba yake. Anasema kule akiingia mlangoni hakuna anayehitaji kuelezwa yeye ni nani."

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia tutaona. Mama, shangazi yake amekubali. Anasubiri mtoto aseme mwenyewe."

Hapo ndipo nilipojua tumepanda mlima na nini garini. Sikulala vizuri, na si kwa sababu ya mikoromo ya Cheolgyu.

Asubuhi upepo ulikuwa umepita kwenye chanja na kuangusha samaki wengi. Tukatoka wote na makapu. Garam nilimpa gilovu zangu za zamani. Akawa anachukua samaki mmojammoja, anakung'uta theluji, anamtazama usoni, anamweka. Kazi ya taratibu, lakini hakuvunja mkia hata mmoja.

"Hawa tunawatupa?" akauliza.

"Nani amekwambia? Kuanguka si kosa lao. Tunawarudisha juu."

Wakati huo akapita Bi Jinbu, jirani yangu wa miaka yote, anatembea na fimbo na mdomo wake.

"Ala, umekuja," akaniambia. "Nilidhani Suwon wamekufungia kwenye lifti. Haya, kesho watoto wanashuka na mbao. Kwa Bi Jumunjin mtatoa mtu, au mwaka huu tena mnakuja kupiga makofi tu?"

"Na kwa Bi Jinbu mnamtoa nani, yule mjukuu wako aliyeshuka kwa makalio?"

"Alishuka, si alifika?" akajibu, akaenda zake anacheka.

Kushuka na mbao ndio mchezo wetu wa kila majira ya baridi. Watu wa kijijini kwetu zamani waliwinda nguruwe mwitu kwa mbao za kutelezea, ndefu, zimekunjwa ncha, zimepakwa nta, na mti mmoja mrefu wa kujiongozea. Uwindaji umekwisha lakini mbao zipo, na siku hizi kila nyumba hutoa mtoto mmoja kushuka mteremko wa chini, kijiji kizima kikitazama. Nyumbani kwetu hatukuwa tumetoa mtu tangu magoti ya Cheolgyu yalipokataa.

Garam alikuwa amesimama na samaki mkononi.

"Samahani," akasema. "Kwa Bi Jumunjin ni wapi?"

"Hapa uliposimama."

"Na Bi Jumunjin ni nani?"

"Mimi."

Akaniangalia kama amekuta mlango kwenye ukuta aliouzoea. "Kwani hapa si kwa Eom?"

Nikaweka kapu chini. "Sikiliza, binti. Kijiji hiki nusu nzima ni Eom. Ukisimama hapa ukaita kwa Eom, watatoka watu mpaka wajae bonde. Jina hilo huku halimwelekezi mtu mahali. Nyumba zinaitwa kwa mwanamke aliyeolewa humo, na yeye anaitwa kwa mji aliotoka. Yule wa kelele alitoka Jinbu. Ile nyumba ya bati jekundu ni kwa Bi Imgye. Mimi nilitoka Jumunjin, kule chini baharini. Nilivuka mlima na sanduku moja, sijui hata koleo la theluji linashikwa wapi."

"Kwa hiyo nyumba zote zina majina ya watu wa kuja?"

"Zote."

Akawaza. Mvuke ukamtoka puani. "Lakini ulivyoolewa ukawa Eom."

"Nani? Mimi ni Bae. Nimezaliwa Bae na kaburini nitaandikwa Bae. Mama yako naye ni Eom?"

"Ni Cha," akasema polepole. Akahesabu kwenye vidole vya gilovu: Cha, Bae, Pyo. Kati yetu tuliopanda na gari, mwenye jina la Eom alikuwa Anko peke yake, na ndiye aliyekuwa amekwama kwenye theluji mpaka magotini, anatuita tumvute.

Tulipokwisha kumvuta, nilimpeleka Garam bandani. Mbao zilikuwa zinaning'inia mahali pake, za mti wa cheri wa mwituni, alizichonga marehemu mume wangu.

"Hizi nilishuka nazo mimi," nikamwambia.

"Wewe?"

"Usinitazame hivyo. Mwaka wa pili wa ndoa yangu babu yenu aliteguka mguu akisimamisha magogo ya chanja. Enzi hizo walishuka watu wazima, na nyumba haikuwa na mtu mwingine wa kushuka, nikazifunga mimi. Wanaume walicheka mpaka wakashikana. Walikuwa wananiita yule wa Jumunjin, yule anayenuka samaki. Lakini mimi nilikua kwenye boti la baba yangu. Kitu kinachokwenda chini ya miguu nakijua: unalegeza magoti, unakiacha kiende, wewe unabaki juu yake. Nikashuka."

"Ukawa wa kwanza?"

"Wa nne."

"Kati ya wangapi?"

"Wewe polisi? Nasema hivi, nyuma yangu walibaki wanaume wenye ndevu, na mimi sikuanguka. Nilipofika chini, mpiga kelele wa wakati huo akatangaza, 'Wa nne, kwa Bi Jumunjin.' Jina lilelile la kuninyooshea kidole. Ila siku ile lilipita bondeni kwa sauti nyingine, nami nikalichukua likawa langu."

Garam akapitisha kidole kwenye ubao, juu ya alama za kamba. Kisha akasema, bila kunitazama, "Kile kitendawili. Nilifikiri ni huyu samaki. Anatoka baharini anaitwa myeongtae, akipigwa na theluji huku anakuwa wa njano, mtamu, wanamwita hwangtae."

"Ndiye. Umetegua."

"Hapana," akasema. "Ni wewe, bibi."

Nikajifanya natafuta nta kwenye rafu. Nta ilikuwa mbele ya macho yangu. Miaka yote ninategea watu kitendawili kile, na sikuwahi kujiona ndani yake.

Mchana wote tulikuwa mteremkoni nyuma ya nyumba. Alianguka mbele, akaanguka nyuma, mara moja akaanguka akiwa amesimama tu. Nikimwambia legeza magoti, analegeza shingo. Pansu akatoka kutazama, anatafuna chapati.

"Huyo ataufikisha mti chini kabla yake," akasema.

"Mzee, wewe ulishawahi kushuka?" Garam akamuuliza, theluji imemjaa mdomoni.

Pansu akaacha kutafuna. "Nilishuka. Enzi hizo nilikuwa na nyumba yangu."

"Ukawa wa ngapi?"

"Nilikuwa nyuma ya huyo bibi yako," akasema shemeji yangu, akaingia ndani na kufunga mlango. Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Jioni ile mtoto alikula chapati nne na mchuzi mabakuli mawili.

Kesho yake jua lilitoka safi, na theluji iliyoganda juu ikawa inang'aa kama sahani. Kijiji kizima kilikuwa mteremkoni, na watu wa kuja waliopaki magari yao chini. Mimi, Myeonghwa na Bi Jinbu tulisimama mwisho wa mteremko, karibu na jiko la viazi vya kuchoma. Juu kabisa alisimama Pansu na kipaza sauti cha mkononi, kwa sababu yeye ndiye mpiga kelele siku hizi. Kila mtoto akifika mbele yake anamuuliza, mtoto anataja nyumba yake, Pansu anaitangaza, anashuka.

"Wa kwa Bi Imgye," bonde likasikia. Kijana akashuka vizuri. "Wa kwa Bi Jinbu." Mjukuu wa Bi Jinbu akashuka nusu kwa mbao na nusu kwa ile njia yake ya zamani.

"Amefika," Bi Jinbu akaniambia mapema, nisiseme kitu.

Kisha nikaona koti la kijani la Garam. Cheolgyu alikuwa amepiga magoti anamfunga kamba, yule yule mwenye magoti mabovu. Garam akasogea mbele, mbao zile ndefu zikimzidi kimo. Myeonghwa akanishika mkono.

"Mama, akishindwa kulijibu tena je?"

Nikaubana mkono wake. Niliogopa kitu kilekile.

Juu kule Pansu akasema kwenye kipaza sauti, ili wote tusikie, "Kuna swali langu niliacha nje na samaki. Nimelikagua asubuhi, halijaharibika. Mtoto wa kwa nani wewe?"

Mwanangu akafungua mdomo. Nilimwona toka chini. Garam akamwekea mkono begani, na Anko akafunga mdomo.

Pansu akainama, akamsogezea mtoto kipaza sauti. Upepo ukapita kwenye chanja, samaki wakagongana. Bi Jinbu akaacha kutafuna kiazi chake. Mtoto akanyoosha mgongo, akalegeza magoti kama nilivyomfundisha, na sauti yake ikashuka mlima mzima, ikatupita sisi, ikaenda kugonga upande wa pili wa bonde.

"Mimi ni Pyo Garam. Wa kwa Bi Jumunjin."