Funika Jina la Msemaji

Mjukuu wangu alikuwa anarudia mtihani wa fasihi, na mwalimu wake nilikuwa mimi, niliyeishia darasa la saba. Msicheke. Yeye anasoma maneno kutoka kwenye tamthilia, mimi nasema kayasema nani na yanaonyesha ana tabia gani. Vitendawili vitupu, na kwa vitendawili sina mpinzani mtaa mzima.

Kanuni niliitunga mwenyewe: jina la msemaji linafunikwa kwa kidole. Ukishajua ni nani anasema, nilimwambia, unaanza kumpendelea.

Alhamisi ile tulikaa jikoni, yeye anamenya viazi, mimi na miwani yangu mpya puani. Miwani hiyo aliniletea Sukari, mchumba wa mjukuu wangu. Ni fundi miwani, na hilo jina la Sukari nilimpa mimi kwa jinsi anavyosema na watu. Akija hapa huniita mchumba, hunibebea ndoo, huuliza goti linaendeleaje. Jumamosi wazee wake walikuwa waje kupanga harusi, na kwa kuwa mama wa mjukuu wangu alishatangulia mbele ya haki, wa kusema ndiyo au hapana nilikuwa mimi. Ndiyo yangu ilikuwa tayari tangu siku ya miwani.

"Kitendawili," akasema mjukuu wangu.

"Tega."

"'Nitakuchonga kwenye mti, ili uzee usijue pa kukupata.'"

"Mchongaji huyo! Anampenda bibi harusi kama anavyopenda kinyago. Kinyago hakijibu."

Akacheka. "Mke mwenza, wewe ungezoa alama zote."

Kwa asiyeisoma tamthilia yenyewe: mchongaji vinyago alimpenda binti wa jirani, bibi harusi wake, hadi akawa anamfungia ndani. Siku moja nyumba ikashika moto, na ufunguo alikuwa nao yeye mfukoni, yuko sokoni. Mara ya kwanza kusomewa mwisho huo nililia hadi maharage yakaungua.

"'Alibisha hodi kwa adabu mno, nikasahau kuuliza anakuja kuchukua nini.'"

"Mama wa bibi harusi. Mjinga wa watu! Kadanganywa na adabu. Dhamira hapo ni ile uliyonifundisha, upofu."

"Upofu wa wazazi," akasema, macho kwenye kiazi. "'Mlango nimeufunga si kwa kuwa sikuamini. Siiamini dunia.'"

"Mchongaji tena. Msikie anavyoisingizia dunia! Dunia ndiyo iliyoshika ufunguo?"

Safari hii hakucheka. Kiazi alichoshika alikuwa amekimenya mpaka kimebaki kama gololi.

"Kitendawili."

"Tega."

Kitabu hakukitazama. "'Ukiniacha, nitahakikisha hakuna mwanamume atakayetaka kukutazama usoni tena.'"

Nilishtuka hadi kiti kikatoa mlio. "Lo! Shetani gani huyo?"

"Taja tabia yake, Bibi."

"Tabia gani tena? Huyo mapenzi hana hata chembe. Ameshakaa akaufikiria uso wa mtu utakavyoharibika. Bibi harusi asingoje hata viatu, akimbie! Ni mchongaji, kabla ya moto."

"Siye."

"Yule binamu mwenye wivu?"

"Siye."

Nikawapitia wote, mpaka mpiga ngoma anayetokea mara moja tu. Siye.

"Basi, nimeshindwa."

"Nipe mji."

"Chukua mji wa shangazi yako, na stendi yake, na duka lake la vitambaa."

Kwa kawaida akipewa mji hujisifu kwanza, anautembelea kama malkia, ndipo atoe jibu. Siku hiyo aliweka kisu chini.

"Hayumo kitabuni, Bibi. Ni Sukari. Jumapili, alipokuwa ananipima macho dukani kwake. Aliyasema taratibu, huku amenishika kidevu nisitikisike."

Maji yalikuwa yanachemka, redio ya jirani inaimba. Niwe mkweli, neno la kwanza lililonijia lilikuwa la kumtetea: labda alikuwa anatania. Lakini hukumu nilikuwa nimeshaitoa kwa mdomo wangu, jina likiwa limefunikwa. Ningeifutaje?

"Mbona hukuniambia?"

"Ningeanza na jina lake, ungenisikia?"

Nikaivua miwani. Viazi, kisu, uso wa mtoto wangu, vyote vikawa ukungu, na bado sikutaka kuirudisha machoni.

"Bibi," akasema kwa sauti ndogo, "ule mji ulionipa, bado ni wangu?"

"Ni wako."

Nikampigia simu shangazi yake. Baada ya kunisikiliza aliuliza kitu kimoja tu, basi linaondoka saa ngapi.

"Kafunge mkoba," nikamwambia mjukuu wangu. "Na kitabu uchukue, mtihani uko pale pale."

Alikuwa bado chumbani anakunja nguo tuliposikia hodi.

"Hodi! Mchumba wangu yupo? Nimemletea kamba ya miwani."

Sauti ile ile ya asali. Na mimi, Mungu anisamehe, mdomo ulianza wenyewe kusema karibu. Nikauma ulimi, nikasukuma komeo. Mjukuu wangu alitokea mlangoni mwa chumba, mkoba begani.

"Mchumba? Ni mimi."

"Nimekujua. Unakuja kuchukua nini?"

Kisha akacheka kidogo. "Bibi, leo mbona maswali magumu?"

"Waambie wazee wako wasije Jumamosi. Anayekataa ni mimi. Ukiwa na neno la kusema juu ya uso wa mtu, uso wangu huu hapa."

Kitasa kikazunguka mara moja, polepole, kama mtu anayepima. Nikapiga ukelele, majirani wakatoka, seremala wa ng'ambo ya barabara na nyundo yake mkononi. Nyayo zikaondoka bila haraka yoyote. Seremala na mkewe ndio waliotusindikiza stendi, nao hawakubanduka mpaka basi likaondoka.

Asubuhi simu ikalia. Nyuma ya sauti yake nilisikia cherehani ya shangazi yake.

"Mke mwenza," akasema mjukuu wangu. "Kitendawili."

Nilifungua mdomo niseme tega, nikashindwa, nikiogopa ni jina gani limefunikwa safari hii.