Pikipiki Iliyopiga Chafya

Jumatatu asubuhi Kogo Rodah, yaani nyanya Rodah, aliingia stoo kuchota mahindi ya kuku, akakuta pikipiki imegeuka. Miaka yote iliyokaa pale ilikuwa imeangalia ukuta, imefunikwa gunia la mbolea, na kuku mmoja mwekundu alikuwa anatagia kwenye kiti chake. Sasa ilikuwa imeangalia mlango. Gunia lilikuwa limekunjwa vizuri na kuwekwa kando. Rodah alilisha kuku kwanza, maana kuku hawangoji mtu. Kisha akarudi, akaigeuzia ukutani, akaifunika.

Jumanne ilikuwa imeangalia mlango tena. Jumatano ilikuwa mlangoni kabisa, na tairi zake, ambazo hazikuwa na upepo hata kidogo, zilikuwa na udongo mbichi wa shambani.

“Baba Chepkemboi,” alimwambia mumewe Bethwel wakinywa chai, “nani anatoa hii pikipiki?”

“Hakuna.”

“Basi inajitoa.”

Bethwel alipuliza kikombe. “Labda inatafuta jua,” akasema, akaomba sukari.

Rodah akamwangalia. “Kitendawili.”

“Tega.”

“Ana miguu miwili, hali nyasi, akilala anataka ukuta.”

Hata mtoto wa chekechea angejibu, na jibu lenyewe lilikuwa linamtazama Bethwel kutoka mlango wa stoo. Lakini Bethwel alisema, “Nimeshindwa. Chukua Kipkelion.” Hiyo ndiyo sheria, ukishindwa kitendawili unatoa mji. Rodah akapokea Kipkelion, na reli yake, na ng’ombe wake wa maziwa.

Pikipiki ilikuwa ya Ouko. Ouko alitoka upande wa ziwani, akaajiriwa kutengeneza mashine kwenye kiwanda cha chai, na alipopata nguvu akanunua kipande cha shamba hapa Sosiot. Alipanda chai mwenyewe, shina kwa shina, akipima mistari kwa kamba. Upande mmoja alipakana na Bethwel, upande wa pili na Benard, mdogo wake Bethwel. Kanisani wote watatu walikaa benchi moja, na Ouko ndiye alikuwa na sauti.

Ule mwaka wa vurugu baada ya kura, Ouko alitanguliza mke wake Molly na watoto, akabaki kufunga nyumba. Asubuhi moja alisukuma pikipiki mpaka kwa Rodah. “Mama, niwekee,” akasema. “Barabarani wameweka mawe. Nitapita kwa miguu huku kwa chai. Mambo ikitulia nitaikujia.” Rodah akampa mursik, maziwa ya mgando, kwenye kikombe kikubwa. Akanywa yote, akapangusa mdomo, akashika njia ya katikati ya chai.

Watu walisema alifika kwao. Bethwel ndiye aliyesema kwanza. Baadaye ikasemwa ana mke mwingine ng’ambo ya mpaka, na kwamba amenenepa. Benard akaanza kuchuma ile chai, kwa sababu chai isipochumwa inakuwa msitu, kila mtu anajua. Alisema ataichuma tu mpaka mwenyewe arudi.

Wiki ile ya pikipiki kugeuka, hakuna kilichotulia katika boma. Sufuria ilicheza juu ya moto hata ikiwa tupu. Ng’ombe walisimama wakati wa kulala. Jumapili kanisani, mguu wa kulia wa Bethwel ulianza kukanyaga chini, kwa nguvu, kama mtu anayepiga kiki. Akaushika kwa mikono miwili. Ukakanyaga. Mchungaji alingoja kidogo, kisha akaendelea na mahubiri.

“Iende kwa mwenyewe,” Rodah alisema walipofika nyumbani. “Mguu wako utavunja sakafu ya watu.” Akatafuta namba ya simu kwa watu wa kanisa, akapiga.

Aliyekuja ni Christabel, binti ya Ouko, mwalimu wa chekechea. Alikuwa mwembamba, na alikuwa na mabega ya baba yake. Rodah alimpa kiti. Hakukaa.

“Mama,” alimwambia Rodah, “pikipiki ni sawa, nitaichukua. Lakini sikukuja kwa sababu ya chuma. Mama yangu ni mgonjwa. Anataka kujua kitu moja tu kabla hajalala, kama aliachwa ama alifiwa. Miaka yote anamwekea baba chakula, halafu anaikasirikia hiyo sahani. Mnijibu tu hiyo.”

Rodah alimgeukia Bethwel. Bethwel alikuwa anatafuta kitu chini ya kiti, na hakukuwa na kitu chini ya kiti.

“Tutengeneze pikipiki kwanza,” akasema kutoka huko chini.

Fundi alikuwa Zack wa Kapsoit, kijana mwenye maneno. Alifungua ekzosi akatoa kiota cha panya, na panya wenyewe wakatoka kwa mpangilio, wakubwa mbele.

“Kogo, hii si pikipiki,” akamwambia Rodah. “Hii ni rental ya panya. Walikuwa wanalipa?”

“Walilipa kwa mahindi yangu. Fanya kazi, wewe.”

Akamwaga mafuta ya zamani, yaliyokuwa yamegeuka kuwa gundi. Akasafisha kabureta kwa mswaki. Akaweka tyubu mpya, betri, na plagi, akapaka mnyororo oili, huku Christabel akimshikia spana. Kuku mwekundu alisimama karibu akiangalia kiti chake. Kisha Zack akapiga kiki. Kimya. Akatoa plagi akaijaribu, ikatoa cheche safi ya bluu. Akairudisha, akapiga tena mpaka shati likalowa. Pikipiki ilikaa tu kama mtu aliyeudhika.

“Sasa mimi sielewi,” Zack akasema. “Moto iko. Mafuta iko. Hewa iko. Pikipiki inataka vitu tatu tu duniani. Hakuna ya nne.”

“Iko ya nne,” Rodah akasema. “Jina.”

Huku kwetu mtoto akizaliwa, akina mama wazee hukaa naye na kuita majina ya wafu wa nyumba, mmoja baada ya mwingine. Mtoto anaposikia jina lake anapiga chafya. Hapo mnajua ni nani amerudi, na mnamkaribisha kwa jina lake. Akichelewa, anapewa ugoro kidogo puani. Rodah alikuwa ameita majina kwa watoto wengi wa Sosiot na Kapsoit, hata huyu Zack, aliyepiga chafya kwa jina la babu mmoja mwenye maneno mengi.

Rodah alileta kigoda, akakaa mbele ya pikipiki, akapaka ugoro kidogo kwenye mdomo wa kabureta. Akaanza na wafu wa Bethwel, kwa kuwa pikipiki ilikuwa imekaa kwa Bethwel. Aliita baba yake. Zack akapiga kiki. Kimya. Aliita nyanya yake, akaita mjomba aliyepotelea vita vya Wazungu, akaita mzee Kipchoge ambaye alikufa kwa kupenda nyama. Kwa Kipchoge pikipiki ilitikisika kidogo, lakini ilikuwa upepo.

“Wameisha,” Rodah akasema.

“Si mumuite mwenyewe?” Christabel akauliza.

“Mwenyewe haitwi, mwanangu. Hii ni ya wafu peke yao. Mtu aliye hai hawezi kujibu hapa, yuko na mwili wake mahali anautumia.”

“Na nani alisema yuko hai?”

Rodah alifikiri. “Baba Chepkemboi ndiye alisema.”

“Basi ukimuita na yuko hai, itanyamaza. Si ni hivyo? Itakuwa tumepoteza nini?”

“Usimwite,” Bethwel akasema.

Alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, na mguu wake ulikuwa unapiga kizingiti. Wote walimwangalia. Kuku pia alimwangalia.

“Kwa nini nisimwite?” Rodah akauliza, polepole. “Kama alifika?”

Bethwel aliangalia kizingiti. Mguu ulikanyaga. Rodah akageuka, akaweka mkono juu ya tangi kama anavyowekea watoto kichwani, akasema, “Ouko.”

Zack alikuwa bado hajainua mguu. Pikipiki ilipiga chafya. Ilikuwa chafya kamili, ya mtu mzima, na moshi mweusi ulitoka na unyoya mmoja wa kuku. Kisha injini ikashika, ikanguruma sawasawa.

Christabel aliinama akaizima. “Rudia,” akamwambia Rodah. “Niwe na hakika.”

Rodah akarudia jina. Ikapiga chafya, ikawaka.

“Karibu, Ouko,” Rodah akasema, kwa sababu ndivyo inavyosemwa, na hakutaka kuacha desturi njiani. Bethwel aliingia jikoni akafunga mlango. Kutoka ndani walisikia mguu.

Christabel alikaa juu ya pikipiki aelekee barabarani, lakini usukani ulijipinda kushoto, ukashika njia ya katikati ya chai. Hakubishana nao. Rodah na Zack walifuata kwa miguu, Rodah akiwa ameshika sketi.

Ile chai ya Ouko ilikuwa imepandwa kwa kamba, mistari imenyooka kama ya daftari. Ila sehemu moja katikati mistari ilipinda huku na huku, kama watu wanaozunguka kitu, na hapo katikati palikuwa na shina moja lisilokatwa kamwe, refu kuliko mtu, lenye maua meupe. Kila mtu aliyewahi kuchuma hapo alipajua hapo panapopinda. Alipazunguka na kikapu chake, akaendelea.

Benard alikuwa hapo, amevaa plastiki yake ya kuchumia, kikapu mgongoni. Pikipiki ilisimama chini ya lile shina, ikashusha sauti.

“Kumbe mlitengeneza,” Benard akamwambia Zack.

“Tulitengeneza, mzee.”

“Ni plagi ilikuwa imekufa?”

“Hapana. Plagi ilikuwa nzima.”

Benard akatikisa kichwa kuonyesha ameelewa, akaendelea kuchuma. Majani mawili na chipukizi. Majani mawili na chipukizi. Mikono yake haikupoteza mwendo.

“Hapa ni wapi?” Christabel akamwuliza.

“Hapa ni shamba.”

“La nani?”

“Saa hii nachuma mimi.” Alitupa konzi ya majani kikapuni. “Msichana, sogeza hiyo gurudumu ya nyuma kidogo. Unakanyaga mzizi.”

Christabel alisogeza gurudumu. Kisha akapiga magoti chini ya shina, akachota udongo kwa mikono, akaufunga kwenye leso. Wakati akichota, Benard alimzunguka, akachuma upande wa pili, maana lori la majani lilikuwa karibu kufika kituoni na majani hayangoji. Christabel alipomaliza alitoa simu.

“Mama,” akasema. “Ulifiwa.”

Kilio kikatoka kwenye simu, kikubwa, cha mke. Kuna ndege waliruka kutoka kwenye chai. Rodah alimpokea Christabel ile simu, akaishika kwa mikono miwili, akalia pamoja na Molly mpaka chaji ikaisha.

Siku iliyofuata Christabel alienda kwa ofisi inayohusika, akaeleza. Walimsikiliza vizuri, wakamweleza kwamba pikipiki haina kitambulisho, kwa hivyo haiwezi kuandikisha taarifa. Christabel aliangalia, akakubali kwamba kweli haina. Kuhusu mistari kupinda, walisema chai hupinda.

Alijaribu kuipeleka nyumbani. Ilikubali mpaka Kapsoit, ikazunguka mzunguko wa wauza ndizi, ikarudi Sosiot. Mara ya pili ilifanya vilevile, na wauza ndizi walikuwa wameshasogeza meza. Basi akaiacha, akapanda gari na leso yake mapajani.

Kwao walizika tunda la yago, lile refu na zito la mti wa mwegea, badala ya mwili, kama wanavyofanya mtu wao asipoonekana. Walilivika shati la Ouko, wakalilaza na ule udongo mbele ya nyumba. Molly alitolewa nje kwa kiti akaona. Ile sahani ilioshwa, ikawekwa na sahani zingine. Wiki hiyo hiyo alianza kulala vizuri usiku, na bado analala vizuri. Rodah na Bethwel walihudhuria. Bethwel alipewa nafasi ya kusema kama jirani, akasema Ouko alikuwa na sauti nzuri, akakaa. Benard hakuweza kufika kwa sababu ya kazi ya shamba, lakini alituma majani ya chai, yale ambayo mkulima hupewa na kiwanda. Waombolezaji walinywa wakasema, kweli, chai ya Kericho ni tamu.

Siku hizi pikipiki inatoka yenyewe siku za kuchuma. Rodah anaifungulia mlango akisema, “Haya, Ouko, usichelewe.” Inapita njia ya katikati, inasimama chini ya lile shina, inanguruma huko polepole mchana kutwa. Mafuta hayajawahi kupungua. Benard anaizunguka. Kituoni majani yake yanapokelewa bila neno, na msimu uliopita alisifiwa kwa usafi. Jioni pikipiki inarudi stoo, na kuku mwekundu anapanda kwenye kiti kungali na joto.

Ikisharudi, Rodah anamwekea Bethwel chai, anakaa mbele yake.

“Kitendawili.”

“Tega,” Bethwel anasema, mguu ukipiga chini.

“Alitoka kwangu kwa miguu, akaingia shamba la jirani, hakutoka.”

“Nimeshindwa. Chukua Kericho.”

“Kericho ulinipa jana.”

“Chukua Bomet, basi.”

“Bomet ninayo. Sitaki mji, Baba Chepkemboi.”

“Litein sikukupa.”

“Ulinipa.”

Bethwel anafikiria, anapanda na ramani kichwani mwake, mji kwa mji, mpaka anapata kimji fulani huko mbali ambako hakuna mtu wao aliyewahi kufika, anampa hicho. Rodah anapokea, kwa sababu ndiyo sheria. Ana miji mingi sasa, kuanzia Kipkelion mpaka ziwani, na mingine hajui hata iko wapi. Bethwel amebaki na Sosiot peke yake, na jibu.