Katikati ya Daraja

Mimi huchora mistari. Miaka ishirini na mbili kwenye viwanja vya ndege, na jicho langu halijawahi kunisaliti. Sasa niambie, misumari ya mpima ilikuwa inatafuta nini pale?

Daraja lenyewe ni pana: ndege hupita juu yake kwa magurudumu, magari chini. Mstari wa njano ndio unaomwongoza rubani, na mstari hukaa katikati. Hata mke wangu, asiyejua ndege inaingiliwa wapi, analijua hilo. Lakini misumari aliyopigilia mpima kunionyesha pa kuchora ilikuwa mita tatu kushoto. Nikapima. Nikapima tena nikianzia upande wa pili. Mita tatu zilezile. Nikahisi kama naumwa.

Nikampigia mpima, binti wa juzijuzi tu. Hapatikani. Nikajisemea huyu alipima huku anasinzia. Nikang'oa misumari, nikachora katikati, na mstari ulinyooka mpaka nikautazama mara mbili kwa raha.

Saa nne nilishuka kivulini chini ya daraja kusubiri ndege ya kwanza kuufuata mstari wangu, ya saa tano, yenye abiria. Nikainua macho. Mihimili minene minane ilikuwa imebanana upande wa misumari. Upande mwingine, mitatu miembamba. Nikahesabu hadi kichwa kikaniuma. Nani hujenga daraja nusu shibe, nusu njaa?

Fundi zege alikuwa anakusanya vifaa vyake. Nikamuuliza, "Ndugu yangu, hii imekaaje?"

"Ile miembamba ni ya gari la zimamoto. Upande huo waliuongeza baadaye. Gurudumu la ndege likikanyaga huko, linazama." Akanitazama. "Kwani mstari umeuweka wapi?"

Nikisema, kazi yangu imekwenda na maji. Nisiposema, watu wale je? Niliogopa, sifichi. Nilipanda ngazi nikihema, nikamnyang'anya msimamizi wa kazi redio ya mawasiliano.

"Izuieni ndege. Daraja ni zima. Mstari ndio mbovu, na ni wangu mimi."

Ndege ikasimama karibu kiasi cha kuona nyuso za abiria madirishani. Wakanitazama nikiukwangua mstari mnyoofu kuliko yote niliyowahi kuchora. Msimamizi alisema tutaongea ofisini.

Binti mpima alifika, akachuchumaa kando yangu.

"Nionyeshe, mwanangu," nikamwambia. "Ndege inapita wapi?"