Tundu la Hewa

Ili tangi lipite, ilibidi mlango wa chumba cha mtoto ung'olewe. Wanaume sita walilishusha kwenye gari, kioo kirefu kuliko kitanda chetu, na mume wangu akawa anatembea kinyumenyume mbele yao, tepu mkononi. "Kushoto kidogo. Simameni hapo. Inueni." Mimi nilikuwa sebuleni kwenye cherehani yangu, natazama mlango ukiegemezwa ukutani kama mgeni aliyenyimwa kiti. Hakuna aliyeniuliza kitu. Na mimi, kusema kweli, nilikuwa nimeapa kutosema.

Mume wangu anachora ramani za nyumba, na watu wote, mpaka mama yake mzazi, humwita Rula. Hatundiki picha ukutani bila kupima mara tatu. Miezi mitano kabla ya siku hiyo binti yetu alizaliwa akiwa ameshakufa. Nilipasuliwa haraka haraka, nimelazwa usingizi kwa dawa, na nilipozinduka sawasawa ilikuwa jioni ya siku ya pili, Rula na kaka yake wameshamzika. Walifanya vile kwa kunihurumia. "Afadhali hukumwona," waliniambia manesi, mashangazi, majirani, kila mmoja kwa sauti ile ile ya upole, hadi nikatamani kumzaba mtu kibao. Afadhali ya nani? Nilimbeba miezi minane na nusu. Nilijua saa zake za kuamka, nilijua ubavu alioupenda kuupiga teke, lakini sura yake sikuijua. Katika nyumba ile aliyeijua alikuwa mmoja tu, naye alikuwa amefunga mdomo.

Nilimwuliza mara mbili. Mara ya kwanza alisema chai inachemka, akakimbilia jikoni. Mara ya pili alisema, "Si leo, mke wangu," na wiki iliyofuata akaja na michoro ya tangi la matumbawe.

Aliitandaza mezani, juu ya vitambaa vya wateja wangu. Tangi kubwa juu, lita elfu moja. Chini yake, ndani ya kabati la chuma, tangi dogo la kuchujia. Maji yangeshuka kwa bomba moja, yachujwe, kisha pampu iyarudishe juu kwa bomba jingine, usiku na mchana. Na juu ya yote hayo, taa za buluu na nyeupe ambazo zingejiwasha polepole asubuhi na kujizima polepole jioni, ili viumbe vya ndani visishtuke.

"Chumba kile kinafaa," alisema. "Hakiingii jua."

Chumba kile. Nilikata uzi kwa meno.

Mabomba yalifungwa na fundi mwanamke, mcheshi, mwenye mikono minene, aliyejulikana mtaa mzima kwa jina la Koki. Alikata, akapaka gundi, akaunga, akiimba kwa pua tu. Siku ya mwisho alisimama juu ya stuli, akagonga kwa kidole lile bomba la kurudishia maji.

"Shemeji, hapa juu nitoboe tundu dogo."

"La nini?" Rula akauliza.

"La hewa. Umeme ukikatika, pampu ikilala, maji ya juu yatataka kurudi chini kwa bomba hili hili. Tundu likiwepo, yatashuka kidogo, bomba litavuta hewa, basi, yamekwisha. Lisipokuwepo, bomba litanyonya tu."

"Nimeweka vali. Maji hayarudi."

"Vali hukwama. Punje moja ya mchanga inatosha."

"Tundu litarusha maji kwenye taa. Nimeshapiga hesabu."

Koki alinitazama, akashuka kwenye stuli. "Haya. Nyumba yenu, na matambara ya kupigia deki yenu." Nilicheka. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu nitoke hospitali, na nilijisikia vibaya siku nzima.

Basi yakaanza maisha ya tangi. Rula alikoroga chumvi kwenye mapipa uani, akapanga mawe yenye matundu kama mikate iliyoumuka, akamwaga mchanga mweupe, akaelekeza mdomo wa bomba chini kabisa, karibu na mchanga, ili mkondo upite katikati ya mawe. Samaki hawakuwepo. Kumbe maji mapya huua, amonia yake ni sumu. Sharti yakae majuma kadhaa yakikomaa. Kila jioni alichota kidogo katika vichupa, akatia matone ya dawa, akaviinua kwenye taa, kisha akaja kunisomea majibu wakati naonja mboga.

"Amonia imeshuka."

"Hongera."

"Bado wiki tatu hivi, tutaweka tumbawe la kwanza."

Niliitikia. Ningeweza kumkariria amonia ya maji yale siku kwa siku, mimi nisiyejua kama mwanangu alikuwa na nywele. Nilimchukia, nasema wazi. Nilimchukia akila, nilimchukia akipiga mswaki, na nilipomwona amekaa kwenye ndoo mbele ya tangi lisilo na kitu, mgongo umepinda, uso umekuwa wa buluu, nilimhurumia kiasi kwamba nilishindwa kupita mlangoni. Yote mawili kwa mtu mmoja. Inachosha.

Jumamosi moja mchana cherehani yangu ilizimika katikati ya pindo. Umeme umekatika. Nilikuwa nafungua dirisha nipate mwanga niliposikia, kutoka chumba kile, sauti ya mtu anayekunywa kwa pupa.

"Rula!" nilipaza sauti. Alikuwa uani anaosha mapipa.

Tulifika pamoja. Maji yalikuwa yakibubujika kutoka kwenye kabati la chuma, tangi dogo limejaa pomoni, na lile kubwa linazidi kushuka, kimya, kwa adabu zote. Vali ilikuwa imekwama. Rula alisimama sekunde mbili tatu akiangalia, kama anayesubiri hesabu zake zije kumtetea, kisha akatumbukiza mkono hadi begani, akauvuta mdomo wa bomba nje ya maji. Bomba lilikoroma, likavuta hewa, likanyamaza.

Lakini sakafu ilikuwa imeshafunikwa, na maji yalikuwa yanaelekea sebuleni, ambako nguo za watu zilikuwa zimerundikwa chini. Nilitafuta kitu cha kuyazuia. Tambara moja, taulo mbili, vikalowa papo hapo. Kwenye kona lilikuwepo kabati la mtoto ambalo tangu mwanzo hatukuligusa, tangi limepangwa kulikwepa. Nikalifungua.

Nepi za kitambaa, dazeni mbili. Nilizipinda mwenyewe, kila moja ncha zote nne. Sikujipa nafasi ya kufikiri. Nilizitupa mafungu kwa mafungu kwenye kizingiti, nikapiga magoti, nikazikandamiza, nikakamua kwenye ndoo, nikakandamiza tena. Zilikuwa zinanyonya vizuri mno. Nilichagua kitambaa kizuri.

Fungu moja nilimrushia Rula. "Tandika hapo mbele ya tangi!"

Hakutandika. Alikuwa amesimama, maji yakimzunguka miguu, amezikumbatia zile nepi kifuani ili zisiguse maji.

"Rula, yanakwenda sebuleni!"

"Nilimfunga kwenye taulo la hospitali," alisema.

Niliacha kukamua.

"Waliniuliza kama nimekuja na nguo za mtoto. Sikuwa nazo. Nilitoka hapa mbio na begi lako, begi lake nimelisahau palepale mlangoni. Nikasema nirudi nikachukue, kaka akaniambia hakuna muda. Nikakubali. Wakanipa taulo la kijani, limegongwa namba." Alikuwa anaongea kwa taabu, kama mtu anayetapika. "Miezi yote ile ulikuwa unashona. Na mimi nimemzika na taulo lenye namba. Ningekuambia nini? Kila nikitaka kufungua mdomo, naliona begi lile."

Nilikuwa nimejiandalia maneno ya siku hiyo, makali, mengi, ningeweza kumchambua kama karanga. Sikuyaona hata moja. Nilimwona tu kwenye korido ya hospitali, mrefu kama mlingoti, mikono mitupu mbele ya watu wanaomuuliza nguo. Moyo uliniuma kwa ajili ya mtoto, ukaniuma kwa ajili yake, na maumivu yale mawili hayakupunguzana hata kidogo. Maji yalipita kizingiti, yakaingia sebuleni. Niliyaacha yaende.

"Alikuwa na urefu gani?" nilimwuliza. Mimi ni fundi cherehani. Ndivyo ninavyojua kumwuliza mtu.

"Nesi aliandika sentimita—"

"Sitaki alivyoandika nesi. Nionyeshe."

Alikaa chini, pale pale majini, akaziweka nepi mapajani. Akainua viganja vyake viwili, vikatazamana hewani. Akavisogeza vikakaribiana kidogo.

"Hivi," alisema. Kisha akatikisa kichwa. "Hapana. Hivi."

Nafasi ile haikubadilika tena. Nilijivuta kwa magoti hadi karibu yake. Niliitazama nafasi ile tupu kati ya kiganja na kiganja, niliitazama sana, kama mtu aliyeletewa mtoto kwa mara ya kwanza.

"Kichwa kilikuwa upande gani?"

Kiganja cha kushoto kikageuka taratibu, kikatazama juu, vidole vikajikunja kidogo, vikashika.