Kitabu cha Maswali ya Miaka Kumi

Msomi na Kidoti walikuwa chanda na pete tangu kidato cha kwanza. Majina hayo waliyapata darasani: mmoja kwa kuongoza mitihani, mwenzake kwa alama nyeusi iliyokaa shavuni. Ilipobaki miezi miwili wafanye mtihani wa taifa, mwalimu wa fizikia aliwaita ofisini, akawapa kitabu cha maswali ya miaka kumi iliyopita.

"Ninacho hiki kimoja tu, someni pamoja. Na mkumbuke, fizikia haina shemeji."

Wakapatana wapokezane wiki kwa wiki, Msomi aanze. Wiki haijaisha, akaona jinsi maswali ya lenzi na saketi yanavyojirudia mwaka hadi mwaka, yamebadilishwa tarakimu tu. Choyo kikamwingia. Muhula uliopita Kidoti alikuwa amempita kwa alama mbili, na alama hizo zilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Kidoti alipokuja kuchukua zamu yake, Msomi alimwambia bila kupepesa, "Mwalimu amekichukua. Eti kuna darasa lingine wanakihitaji."

"Haya, tutajikongoja na madaftari."

Na kweli alijikongoja. Kila alasiri walikaa benchi moja maktaba, Kidoti akihangaika na swali ambalo Msomi alishalifanya nyumbani mara tatu. Mara nyingine Msomi alifungua kinywa aseme. Akajiambia, kesho. Kesho ikazaa kesho, mpaka siku ya mtihani ikafika.

Matokeo yalipotoka, Msomi alikuwa wa kwanza shuleni. Kidoti alikosa alama chache tu za fizikia, na nafasi ya uhandisi aliyoiota tangu utotoni ikampita hivyo. Akaingia kwenye karakana ya shangazi yake, kushona sare.

Mwaka mzima chuoni Msomi aliishi na neno lile moyoni. Likizo ilipofika alimfuata mwenzake karakanani, akaketi, akasema yote bila kujitetea. Kidoti hakuacha kukanyaga cherehani.

"Nilijua," alisema. "Ulipougua kabla ya mtihani, nilikuja kukutazama. Nilipokutandikia kitanda nikakuta kile kitabu chini ya godoro."

"Mbona hukusema, shoga yangu?"

"Ningesema kwa mwalimu, ungeaibika. Nilikuwa nakungoja useme mwenyewe. Kila siku pale maktaba nilikungoja."

Msomi akainamisha kichwa. "Nisamehe."

"Nilishakusamehe. Lakini usinizoee tena."

Mteja akaingia. Kidoti akachukua utepe, akampima mabega huku wakitaniana juu ya kola. Mteja alipotoka, Kidoti alitandaza kitambaa mezani, akaanza kukata. Msomi bado alikuwa pale kwenye kiti, mikono mapajani.

Shangazi akachungulia kutoka chumba cha ndani. "Mwanangu, mgeni wako hujamkaribisha hata maji?"

"Anaondoka, shangazi," Kidoti akajibu, macho kwenye mkasi.

Msomi akainuka, akamuaga shangazi kwa heshima, akatoka.