Kichwa cha Treni Kilichokoroma

Mimi fundi redio, na mtaani wananijua: nyumba ikinukia chai na maneno, sipigi hodi mara mbili. Lakini nyumbani kwa Dereva siku ile nilitoka bila kugusa kikombe, na hadi leo nikikumbuka mate hunijaa mdomoni, wala si mate ya hamu.

Dereva ni mstaafu. Aliendesha treni miaka thelathini, na siku ya kumuaga wenzake walimpa kichwa cha treni cha kuchezea, ukubwa wa mkate, kinachokwenda kwa umeme juu ya reli zilizozunguka meza yake ya kulia. Kilikuwa kikinguruma na kupiga honi kama kaka yake mkubwa, treni la kweli. Sasa kilikwenda kikikoroma tu, kama mlevi aliyelala chali.

Hukumu ilitangulia uchunguzi. Mke wa mwanawe, anayekaa naye huku mume akifanya kazi mbali, ndiye anayefuta meza. Basi ndiye aliyekilowesha maji kikaharibika. Yeye akasema hajakigusa kamwe. Wifi yake, binti wa Dereva, mwenye mdomo usio na breki, akaapa kwamba alimwona na kitambaa kinachuruzika. Ikaamuliwa niitwe: nikikuta maji, mke arudi kwao. Begi lilishafungwa, limesimamishwa mlangoni, na majirani wawili walikaa karibu nalo wakijifanya wanapunga upepo.

Nikaanza na yaliyo rahisi. Nikasugua reli, nikasugua magurudumu; mkoromo uleule. Taa zinawaka, mota haisiti, kwa hiyo umeme unafika. Nikafungua paa kwa bisibisi nikautazama ubao wa sauti, kile kibao chenye honi na ngurumo ndani yake. Maji yakiuingia huacha ukungu wa kijani kwenye vimiguu vya vifaa. Haukuwa na doa. Nikang'oa nyaya mbili za spika nikaziunga kwenye spika niliyokuja nayo, ya redio mbovu. Honi ikalia safi, majirani wa mlangoni wakaruka.

Nikawaambia ubao ni mzima, mgonjwa ni spika. Wifi akadakia kwamba basi maji yameingia humo.

Spika yenyewe hukaa chini ya tumbo, ndani ya kisanduku kilichoumbwa kama tangi la mafuta, chenye vitundu vya kutolea sauti. Nilipolegeza skrubu ya pili, harufu ikanipiga: mafuta ya kupikia yaliyochacha, yenye joto la kwapa. Ya tatu ilipotoka, tangi likaachia upande mmoja likanimwagia mapajani uji mweusi. Miguu ya mende. Mbawa za mende. Mayai yao yameganda kwenye karatasi ya spika, nusu imetafunwa, nusu imelegea kama utando wa maziwa. Mmoja mnene, anang'aa kwa mafuta, akatoka polepole kama mwenye nyumba aliyeamshwa, akanipanda kidoleni. Nikamkung'uta sakafuni.

"Mafuta ya jikoni hayo," wifi akasema. "Na jikoni anaingia nani?"

Mke akainamisha kichwa. Hapo kilichonichefua hakikuwa mende tena.

Nikamgeukia Dereva. "Mzee, wewe ndiye mwenye ujuzi wa treni. Mafuta hujazwa wapi?"

Hakuna mstaafu anayelikataa swali kama hilo. Akajivuta na kiti, akakipindua kitreni chali, akagonga vile vitundu kwa ukucha. "Hapa. Injini haitoki kituoni na tangi tupu, fundi. Kila Jumamosi nakipa kijiko kimoja." Akanieleza hata kwamba dizeli ingenukisha nyumba, ndiyo maana akachagua ya kukaangia.

Aliyasikia maneno yake mwenyewe akiwa keshamaliza. Uji ulikuwa ukimteremka kwenye kiwiko, ukiingia ndani ya mkono wa shati. Wifi akakumbuka chai yake jikoni. Majirani wakatazamana, nami nikajua sitakuwa wa kwanza kuipeleka habari mtaani.

"Haya," Dereva akasema bila kumtazama mtu, "begi lirudi ndani." Ndiyo ilikuwa radhi yake yote.

Mke akainuka. Akachukua kitambaa cha kufutia meza, kikavu kabisa, akakiweka mbele ya mkwewe kwa mikono miwili, kwa adabu. "Begi nitalirudisha, baba. Ila meza hii leo utaifuta wewe."

Chai ikaletwa, ikatuliwa palepale penye miguu ya mende. Nikaaga. Nilipogeuka kizingitini Dereva alikuwa akifuta, na kadiri alivyofuta ndivyo mafuta yalivyozidi kutapakaa. Mke alisimama ameshika mpini wa begi. Hakulinyanyua, alikuwa anangoja pembe ya mwisho ya meza ikauke.