Pete ya Gurudumu la Nyuma

Mwaka 1987 mgodi wa bati ulioko juu ya Rubwera ulikuwa umefungwa siku nyingi, na kiberenge kilichokuwa kikipandisha wachimbaji kilimani kilikuwa kimeota nyasi mpaka kwenye mabenchi. Mwalimu Xaveria ndiye aliyetaka kifufuliwe. Alikwisha kupewa ghala la mgodi liwe makumbusho, akapanga humo sururu, taa za karabai na picha za wafanyakazi. Lakini hakuridhika. Alitaka watu wakalie mbao zile zile alizokalia baba yake, aliyetoka Muleba kuja kuwa karani.

Mhunzi Fidele Sibomana alikubali kuyatengeneza magurudumu. Baba yake naye alikuja kutoka Rwanda kuchimba, akakipanda kiberenge hicho mpaka alipozeeka. Magurudumu mawili ya nyuma yalikuwa yameliwa na kutu kwenye pete, ule mkanda mnene wa chuma unaokanyaga reli. Fidele alifua pete mpya, akazipasha moto zikatanuka, akazivika, zikapoa na kubana. Kisha akachora kwa rangi nyeupe mstari mmoja kwenye kila gurudumu, kutoka kwenye pete kuelekea katikati.

“Mstari ukikatika, Mwalimu, ujue pete imehama,” alisema.

Asubuhi ya majaribio walikisukuma mpaka juu. Xaveria alipanda peke yake, akashika mkono wa breki. Fidele angekimbia kando ya reli akitazama magurudumu. Katibu wa kata, Egbert, alitumwa chini, reli zinapoishia, akawaondoe kina mama waliokuwa wakianika kahawa.

“Polepole,” Fidele alisema. “Tukifika konani salama, tumemaliza.”

Kona ile ilipita ukingoni mwa korongo. Xaveria alijua. Alivuta breki tangu mwanzo, akaishikilia, na kiberenge kikashuka kwa mwendo wa mtu anayetembea. Mbao za breki zikaanza kunuka moshi. Akazidi kuvuta.

Fidele aliinama huku akikimbia. Mstari mweupe wa gurudumu la nyuma ulikuwa vipande viwili. Akatazama tena, akitumaini ameona vibaya, na vile vipande vikazidi kuachana. Breki ilikuwa imeichemsha pete, nayo ilikuwa inalegea kama siku ile alipoivika.

“Achia breki!” alipiga kelele.

“Nini?”

“Achia, Mwalimu! Pete inatoka! Ikitokea konani utaingia korongoni!”

Xaveria alitazama mbele. Reli zilikuwa zinateremka, zinakata kushoto, na baada ya hapo alikuwa anaona vilele vya miti tu. Mikono yake haikutaka kufunguka.

“Fidele, nitakufa!”

“Achia! Nakuomba, dada yangu, achia!”

Hakuwahi kumwita hivyo. Xaveria akafumba macho, akaachia.

Kiberenge kikaruka kama kilichosukumwa. Fidele aliachwa nyuma, akaanguka, akainuka, akakimbia tena akiita jina la Mungu kwa Kinyarwanda. Akakiona kikiingia konani kimelala upande mmoja, magurudumu yakilia. Kikatoka ng’ambo ya pili. Pete ilikuwa imeshika.

Huko chini Egbert alikuwa bado anabishana na kina mama. Walipousikia mlio wakatawanyika, isipokuwa Kokubanza, mjane aliyekuwa na magunia yake kando ya reli, tayari kupelekwa chama cha ushirika. Alikiona kiberenge, akamwona mtu ndani yake.

“Egbert, shika huku!” alisema, akaburuta gunia la kwanza katikati ya reli. La pili likafuata. Wenzake wakarudi mbio wakavuta yao.

Kiberenge kiliyapiga. Magunia yakapasuka, kahawa ikaruka juu kama mvua ya mawe, gari likapanda juu ya rundo, likayumba, likalala ubavu.

Fidele alipofika, Xaveria alikuwa ameketi chini, bega limeshuka, uso umejaa vumbi. Kina mama walikuwa wamemzunguka. Fidele alipiga magoti mbele yake.

“Na kama ningekataa?” Xaveria aliuliza taratibu.

“Usiniulize hilo.”

Alianza kulia, na Xaveria akamwekea mkono mzima kichwani mpaka akatulia.

Walipompakia kwenye gari la misheni kumpeleka hospitali, Fidele hakwenda naye. Alimfuata Kokubanza, aliyesimama akitazama mavuno yake yaliyomwagika nyasini.

“Mama, nitaanzia wapi?”

“Anzia hapo miguuni pako, unaikanyaga.”

Akainama kuokota. Egbert naye akavua koti. Waliokota mpaka jua lilipopanda utosini, punje kwa punje, na katikati yao kiberenge kililala ubavu, gurudumu moja likiwa bado na joto.

Makumbusho yalifunguliwa baada ya mavuno. Kiberenge kiliwekwa tambarare, mbele ya ghala, kikafungwa minyororo. Watu walipanda, wakakaa, wakashuka. Xaveria hakulalamika.